Nicanor Gikonyo Kinyanjui, Mpiga Picha Tuliyemwita Ukungu

Mchungaji wetu, Mama Mwihaki, mjane wa ndugu yangu, na watoto, wazee wa Munyaka, wenzake wa kamera ninaowaona mmejipanga kando ya ua, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vya kukodi vimetuangusha, salamu za Bwana ziwe nanyi. Naitwa Waiyego, dada yake marehemu, wa pekee, niliyemfuata baada ya miaka kumi, na wengi wenu mlinijua kwa mdomo wangu kabla ya kunijua kwa sura. Kamati imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yangu, nami nimekubali, lakini niwaambie mapema kwamba karatasi iliyochapishwa mliyo nayo mkononi ni ya kamati, na hii niliyoshika ni yangu, nimeiandika kwa mkono, kwa hivyo mkiona hazifanani msimlaumu mchapishaji.

Marehemu Nicanor Gikonyo Kinyanjui alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano nje kidogo ya Eldoret, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kinyanjui na marehemu mama yetu, Mwihaki, ambao walikuwa wametoka Murang'a kutafuta maisha, wakiwa na jembe, sufuria mbili na Biblia ya Kikuyu isiyokuwa na jalada, na baadaye wakapata kiploti hapa Munyaka, wakajenga nyumba ya mabati ambayo msingi wake bado uko hapo nyuma ya jikoni. Baba alituacha mapema, mwezi wa Juni 1979, kwa hivyo wengi wenu hamkumjua, lakini mama mlimjua, maana ndiye aliyekuwa akiuza kabichi pale kwenye kona, na ndiye aliyemwita kila mtu mtoto wangu, hata askari waliokuja kuuliza leseni.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975, akaingia sekondari mwaka uliofuata, na kumaliza kidato cha nne Novemba 1979, miezi michache tu baada ya kumzika baba. Hakuwa wa kwanza darasani, nisimwongezee sifa kwa sababu amelala hapo, lakini somo la sayansi lilimwingia kwenye damu, na siku mwalimu alipowafundisha jinsi mwanga unavyopenya kwenye tundu dogo, alirudi nyumbani akatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia kwa msumari, akaufunika upande wa pili kwa karatasi iliyopakwa mafuta, akamwita mama aje aone, na mama akamwona kuku wake mle ndani akitembea miguu juu, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Nilikuwa mdogo sana, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo, na kuna siku nikiwa peke yangu najikuta nikitamani niamke asubuhi moja tu nikiwa mtoto wa nyumba ile, mama akipika uji, na Gikonyo akitoboa mikebe yake.

Februari 1980 alichukuliwa na Fundi Okumu, aliyekuwa na studio orofa ya kwanza pale mjini karibu na soko, akafundishwa kuosha filamu gizani, kuanika picha kwa kamba, na kumwambia mtoto anayelia kwamba kuna ndege ndani ya kamera. Okumu alikuwa na sheria moja, kwamba mteja akilipa aone kila kitu, aone uso wake, aone viatu vyake, na aone ile eropleni iliyochorwa ukutani pamoja na ngazi zake zote, ndiyo sababu katika picha za miaka ile sote tumesimama wima kama watu wanaosafiri kwenda London, kumbe tunarudi Munyaka kwa miguu. Mkizitoa hizo picha kabatini leo mtacheka, lakini mtazirudisha polepole.

Alikaa kwa Okumu miaka saba, kisha akafungua studio yake tarehe 1 Julai 1987, chumba kimoja kando ya barabara ya kuingia hapa mtaani, akiwa na kamera ya mkono wa pili na lenzi aliyoinunua kwa mmishonari mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao. Hiyo lenzi ndiyo iliyombadilisha. Wengi mmepigwa picha naye bila kuuliza anafanya nini na ile pete ya lenzi anayoizungusha, kwa hivyo wacha niwaeleze kama alivyonieleza mimi, kwamba lenzi ina tundu ndani yake linalofunguka na kujibana kama mboni ya jicho, ukilifungua sana, kinachotoka wazi ni kile kimoja tu ulichokilenga, na vilivyo mbele na nyuma yake vinayeyuka kuwa ukungu, na ukilibana likawa dogo, kila kitu kinatoka wazi, kuanzia pua ya mtu hadi kilima kilicho nyuma yake, ndiyo maana shosho, bibi mzee asiye na miwani, hukunja macho anaposoma Zaburi.

Kwake yeye utamu wa kazi ulikuwa hapo. Alisema kamera yoyote inaweza kuona, lakini ni mpiga picha anayeamua watu waangalie nini, na huo uamuzi ni mzito kuliko kamera yenyewe. Alimpiga picha mkulima mmoja wa Moiben akiwa nyuma ya jani la mhindi, jani liko wazi mpaka unahesabu matone ya umande, na mkulima mwenyewe ni kivuli tu cha koti la buluu, na ukiitazama unaelewa kwamba huyu mtu msimu huu anaishi kwa jani hilo. Alipiga picha wakimbiaji wa asubuhi, wa mbele wazi mpaka jasho la kidevuni, na kundi lote nyuma yake likiwa rangi tu zinazokuja. Si wote walioelewa, kuna mama mmoja alirudisha picha zake akiuliza mbona amelipia maua akapewa mawingu, na Gikonyo, badala ya kukasirika kama ambavyo mimi ningekasirika, alimpiga tena bure, maua yote yakaonekana hadi la mwisho, na mama wa watu akazilinganisha mbili hizo kwa muda mrefu, akaenda na ile ya mawingu.

Tarehe 21 Aprili 1990 alifunga ndoa na Jemutai, mwalimu, binti wa watu wa mji mdogo wa Ziwa, ambaye alikuwa ameingia studioni kupigwa picha ndogo ya kitambulisho cha kazi, akafumba macho mara nne mfululizo, na mpaka leo hatujui kama alifumba kwa sababu ya mwanga au kwa makusudi ili arudi kesho yake, Mama Mwihaki utatuambia siku moja. Bwana aliwajalia watoto watatu, Mwihaki, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1991 na kupewa jina la mama yetu kama desturi yetu inavyotaka, ndiyo maana mimi, shangazi yake, humwita mama, kisha Dennis Kinyanjui, tarehe 30 Agosti 1993, na Jerop, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1998 mvua ikipiga mabati, na watu wa upande wa mama yake wakampa jina la hiyo mvua.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi ya kamati imeandika tu kwamba marehemu alijulikana pia kama Ukungu, kisha ikaendelea mbele haraka haraka. Wazee mnajua jina hilo lilitoka wapi, vijana hamjui, kwa hivyo nitalieleza kwanza vile linavyosimuliwa. Tarehe 10 Desemba 1994 niliolewa na Githinji, hapa hapa uani, na ndugu yangu ndiye aliyekuwa mpiga picha, akapiga filamu mbili, picha sabini na mbili. Tarehe 16 Januari 1995, kabla hata hatujamaliza kurudisha sufuria za watu, mama alianguka jikoni kwa presha na hakuamka tena. Mama hakuwa mtu wa kupigwa picha, kila mara alikuwa ameshika mtoto wa mtu ili mwenye mtoto apigwe, kwa hivyo tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tulikuwa na ile ya kitambulisho, ambayo ilikuwa imefutika nusu, na zile za harusi. Tukafungua albamu, familia nzima ikiwa imeizunguka meza. Mama alikuwa katika picha kumi na moja, katika zote kumi na moja amesimama nyuma yangu, na katika zote kumi na moja hana uso, ni kitambaa cha kijani na ukungu.

Mjomba wetu, Mzee Mungai, ambaye ameketi hapa mbele, alisema siku ile kwamba mtu aliyemfuta mama yake asishike kamera katika nyumba hii tena, na kweli kwa miaka thelathini hakuishika, harusi zetu, ubatizo wetu, hata mazishi yetu tukawa tunaita wapiga picha wengine. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Sikumsalimia, nikimwona mjini navuka barabara, na Mwihaki wake alipohitimu kule chuo kikuu cha Chepkoilel nilisema nina mafua. Binti yangu Janice alipoolewa mwaka wa 2019, nilileta mpiga picha kutoka Nairobi, na ndugu yangu akaja kama mgeni, amevaa suti, mikono mitupu, akapanga viti, akawabebea shosho maji, na wakati wa picha ya familia alisimama pembeni, bila mtu kumwita.

Jina lenyewe hakulikataa. Alilichora kwa mkono wake juu ya mlango, Studio Ukungu, rangi ya buluu, na wateja wakazoea wakasahau kwamba lilikuwa tusi. Lakini kuna kitu kingine mlikiona na hamkujua kilitoka wapi. Tangu mwaka ule hakupiga tena picha ya mtu na mzazi wake, mzazi akiwa ukungu. Kule Chepkoilel kila mahafali, wahitimu wakitaka wawe wazi peke yao na majoho ya wenzao nyuma yafifie, yeye alikuwa akiwavuta wazazi kutoka nyuma, anawapanga bega kwa bega na mtoto, mstari mmoja, ili lenzi isiwe na la kuchagua, na kama nafasi haikuruhusu alilibana tundu mpaka mwisho, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akawakemea wasitikisike, na mnakumbuka alivyokuwa akisema, kwamba aliyeuza ng'ombe ili usome asiwe kivuli kwenye picha yako. Watu walicheka wakidhani ni mzaha wa biashara. Mwaka wa 2008, wa zile ghasia za baada ya uchaguzi ambazo sina haja ya kuwaeleza, alifunga studio miezi mitano, na boksi zake za negatifu zilikaa chini ya kitanda cha jirani yake, Mzee Kigen, na hakuna hata moja iliyopotea.

Septemba 2021 alipatikana na ugonjwa wa sukari, akaanza dawa, akaacha chai tamu kwa huzuni ambayo hata msiba haujawahi kumpa, na Februari 2024 figo zikaanza kushindwa, akawa anaoshwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, hapa mjini. Mama Mwihaki ndiye aliyekuwa akimpeleka, lakini Aprili mwaka huu aliteguka mguu, watoto wako mbali na kazi, na zamu ikaniangukia mimi. Sikwenda kwa upendo, nisiwadanganye mbele ya jeneza, nilikwenda kwa sababu watu wangesema. Kwa saa nne nzima umeketi kando ya mtu na mashine inazunguka, utaongea tu, upende usipende, siku ya kwanza tuliongea habari za mvua, ya pili habari za Okumu na ile eropleni yake, na ya tatu tukaanza kumtaja mama, kabichi zake, maombi yake marefu, alivyokuwa akitugawia nyama na yeye kusema ameshiba, na nikarudi nyumbani jioni nikalia kwenye uzio kama mtoto.

Wapendwa, sasa naomba mnisikilize, na walio jikoni waache sufuria kidogo, kwa sababu nitakayoyasema sitaweza kuyarudia. Ndugu yangu hakukosea zile picha. Wiki moja kabla ya harusi yangu nilimwendea studioni na gazeti la urembo nililolitoa saluni, ndani yake kulikuwa na picha ya bibi harusi, yeye peke yake wazi, na nyuma yake kote mawingu, nikamwambia nataka hivyo, picha zote. Nilikuwa naolewa na mtu wa benki, watu wake walikuwa wanakuja na magari, nami nilikuwa naona haya, niliyaonea haya matope ya ua huu, niliyaonea haya mabati yetu yenye kutu, na, Mungu anisamehe, nilimwonea haya mama, kwa sababu nilijua atazunguka siku nzima na buti zake za mpira na kile kitambaa cha kijani alichokuwa akivaa akiuza kabichi. Gikonyo aliniuliza, na mama je, kwa kuwa siku nzima atakuwa amesimama nyuma yako. Nikamjibu kwamba mama atapigwa picha zake baadaye. Alibishana nami mpaka tukainuliana sauti, akasema picha ya harusi si ya bibi harusi peke yake, nami nikamwambia ni harusi yangu, si yake, na kama hawezi nitatafuta anayeweza. Basi akalifungua tundu kama nilivyotaka. Na jioni alipomtafuta mama ampige peke yake, mama alikuwa anapakulia watu chakula, akamwambia angoje wageni washibe kwanza, na wageni waliposhiba jua lilikuwa limezama na filamu imeisha.

Siku ile ya albamu, Mzee Mungai alipouliza ni nani amefanya hivi, aliyejibu wa kwanza ni mimi, nikasema ni Gikonyo na lenzi yake. Alinitazama. Nilingoja aseme, nilikuwa tayari hata kukana, lakini aliinamisha kichwa akaifunga albamu. Baada ya hapo kila mwaka niliokaa kimya uliufanya ukweli uwe mzito zaidi, na nikaona ni rahisi kumkasirikia kuliko kumtazama machoni, hiyo ndiyo hasira yangu mliyoijua na kuiheshimu miaka yote hii, haikuwa hasira, ilikuwa ni woga.

Jumanne tarehe 27 Mei, mashine ikiendelea na kazi yake, nilimwuliza mbona hakuwaambia. Akasema kwamba watu wakisema kamera ilikosea, mama hajapoteza kitu, lakini wakisema mtoto wake alimwonea haya, hilo lingemfuata hata kaburini, na mama alikuwa amechoka vya kutosha. Nikamshika mkono. Nikamwahidi kwamba Jumamosi ya tarehe 7 Juni, familia ikikutana hapa kwa maombi, nitasimama niseme mbele ya mjomba na mbele ya wote, yeye akiwa ameketi anasikia. Akasema hakuna haja, lakini niliona machozi yakimtoka pembeni ya jicho, na hakuyafuta.

Alituacha Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, kabla hatujamchukua kumpeleka kuoshwa damu, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi mitatu. Jumamosi hiyo tulikutana kweli, wote, na mjomba pia, lakini tulikutana kupanga mazishi, na mimi, mwenye mdomo, nikashindwa tena, nikaandikisha kwamba nitaleta mchele, nikaketi.

Kwa hivyo nasema leo, nikijua nimechelewa. Mzee Mungai, mjomba, ulimhukumu mtu asiye na kosa, na aliyekupa ushahidi wa uongo ni mimi, naomba unisamehe. Mwihaki, mama yangu, na wewe Dennis, na wewe Jerop, baba yenu hakumfuta mtu yeyote, mlikulia chini ya jina lililokuwa langu. Mama Mwihaki, ulikaa na mtu huyu miaka thelathini na mitano, na kama alikuambia ukweli ukaniangalia tu ukanipa chai, sijui nikuambie nini. Na nyinyi mlioniambia pole kwa picha zangu miaka hii yote, pole zenu nazirudisha, hazikuwa zangu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa wale wa zamu ya Jumanne waliokuwa wakimtania na yeye akiwaambia wakae upande wenye mwanga, familia ya Mzee Kigen, ambao ni majirani kwa jina tu lakini kwa vitendo ni ndugu, walimu wenzake Mama Mwihaki, akina mama wa Munyaka mliopika tangu Jumatano bila kulala vizuri, Mchungaji na kanisa, na nyinyi wapiga picha wa Eldoret, aliowafundisha wengi wenu bila kuwaficha kitu, mliofunga studio zenu leo ili mje mmbebe.

Gikonyo, mwana wa mama, nimewaambia. Pumzika sasa kwa amani, ile niliyokunyima miaka thelathini.